Sekunde Tisa

Wamenitumia gari, na dereva aliyevaa glavu nyeupe
kama zile tulizovaa sisi, tusiache alama za vidole.
Wanataka kujua rangi ya dirisha.
Nina miaka sabini na minane. Namba yake naikumbuka
kuliko tarehe ya harusi yangu:
buluu arobaini na saba, tone moja la kijivu,
ikorogwe polepole kwa kijiti, isitoe povu.

Ghala lao hapa Kawaguchi lilikuwa kiwanda cha kuyeyusha chuma.
Ndani wamejenga chombo cha anga kizima,
kila msumari, kila kutu, kila bomba livujalo.
Nimekipapasa chote, nimekosa kosa,
na hilo ndilo lililonitia wasiwasi.
Chombo chetu milango ilihamahama.
Katika sehemu ya nne Tsunemi alisahau kuchora ngazi,
nahodha akashuka hivi hivi, hewani,
na hakuna mtoto aliyeuliza.

Mwongozaji, Kuramoto, ni kijana mwenye adabu.
Alikuwa na miaka sita, anasema,
alipomwona msichana-roboti pale dirishani
akiitazama dunia inavyozimika,
sekunde tisa, bila neno, bila kupepesa.
"Hapo ndipo nilipoujua upweke."
Ameweka mkono kifuani.
Mimi wangu nimeutia mfukoni.

Nimwambie nini?
Kwamba Februari ile fedha zilikwisha,
jiko la mafuta ya taa likazimika, rangi ikaganda vikombeni,
na michoro sabini na miwili iliyotakiwa
ikawa mmoja?
Niliupaka kwa mgongo, kama tulivyopaka yote:
rangi nyuma ya seluloidi, mbele ubaki mstari safi.
Usiku kucha nikawa na binti yule kinyume,
shavu lake la kulia likiwa kushoto kwangu.
Alfajiri Tsunemi akamlaza chini ya kamera, akasema:
"Abaki hivyo hivyo. Watadhani anawaza."
Wakadhani.
Miaka arobaini na mitano, wanadhani.

Sasa Kotoha, binti wa nyama na damu, amekaa dirishani.
Nje ya kioo, kitambaa cha kijani:
dunia itakuja baadaye, itoke kwenye kompyuta.
Usipepese, anaambiwa.
Mara ya kwanza, kope.
Mara ya pili, koo; amemeza mate.
Mara ya tano, mshipa wa shingo, mdogo, unadunda
kama mgeni abishaye hodi akiogopa kuamsha wenyeji.
"Mshipa tutaufuta," anasema mtu wa kompyuta.
Na kweli wanaweza. Fedha wanazo.
Mara ya kumi na moja macho yote mekundu,
Kuramoto akatangaza chakula.

Akaja kuketi kando yangu, tonge la wali mkononi,
akauliza swali ambalo kijana yule hakuuliza:
"Mama, alikuwa anawaza nini?"
"Baridi," nikamwambia. "Alikuwa anasikia baridi."
Akacheka, punje zikamwagika juu ya sare ya fedha
iliyoshonwa kwa miezi mitatu,
na mwanamke wa mavazi akaja mbio na brashi.

Buluu yangu waliikoroga. Namba ile ile, tone lile lile.
Siyo.
Sikuweza kueleza kwa nini, wakaandika: "Ameridhika."

Kabla hawajarudi kuwasha taa
nikajipenyeza kati ya kitambaa na kioo,
upande ambao kamera haifiki.
Kotoha alikuwa keshakaa, anajizoeza, mabega kayapandisha kidogo,
na shavu la kulia lilikuwa kushoto kwangu.
Ghala lina baridi, hata leo.
Roboti hapumui, najua, niliipaka ile midomo.
Lakini pumzi yake ikatua kwenye kioo, ukungu wa ukubwa wa sarafu,
nami nikanyoosha kidole niufute, kwa mazoea ya kazi.

Haukufutika.
Ulikuwa upande wake.